UZI: Kufunga diski kubwa kwenye kompyuta ya zamani, kuta unazoweza kukutana nazo na pa kupitia

Waya Mwekundu:

Salaam wakuu,

Mtu ananunua diski ya TB 4, anaichomeka kwenye kompyuta ya mwaka 2008, mashine inamwonyesha GB 1678. Mwingine ya kwake ni ya TB 3, anaona GB 746. Wa tatu haoni chochote: akiwasha, skrini inaganda kwenye maandishi ya mwanzo kabisa. Wote watatu wanaambiwa jambo moja, kwamba wameuziwa diski mbovu. Nimeona diski nzima zikirudishwa kwa ushauri huo, na kompyuta nzima zikiwekwa stoo kwa madai kwamba "hazikubali diski kubwa". Inaniuma, maana nyingi zinakubali. Kinachotakiwa ni kujua ukuta uko wapi, halafu upite pale palipo wazi.

Tuanze na chanzo. Diski imegawanywa katika vipande vidogo vinavyoitwa sekta, na kila sekta ina namba yake. Kompyuta ikitaka data haisemi nipe faili fulani, inasema nipe sekta namba fulani. Kwa hiyo ukubwa wa diski ambao mashine inaumudu unategemea namba kubwa kuliko zote ambayo mashine hiyo inaweza kuitaja. Ikizidi hapo, hesabu inazunguka na kuanza upya, kama mita ya kilometa ya gari iliyomaliza tarakimu zake ikarudi kwenye sufuri.

Ile GB 746 inatoka hapo hapo. Diski ya TB 3 ina baiti 3,000,592,982,016. Ukihesabu sekta za baiti 512 kwa namba ya biti 32 (yaani yenye tarakimu 32 za 0 na 1), mwisho wako ni baiti 2,199,023,255,552. Toa hiyo ya pili kwenye ya kwanza, zinabaki baiti 801,569,726,464, ambazo Windows inaziandika GB 746. Diski haijapungua hata sekta moja. Anayehesabu ndiye aliyeishiwa tarakimu.

(Tusichanganye na ile hali ya diski ya TB 1 kuonyesha GB 931. Hiyo ni kawaida. Kiwanda kinahesabu kwa maelfu, Windows inahesabu kwa 1024. Hakuna cha kurekebisha.)

Ukuta wa TB 2.2 ndio tunaokutana nao zaidi siku hizi, ila si wa kwanza. BIOS (programu iliyo kwenye bodi, inayoamka kwanza ukiwasha kompyuta) za mwanzoni mwa miaka ya 1990 ziliishia baiti 528,482,304, yaani silinda 1024, vichwa 16, sekta 63 (namna ya zamani ya kutaja mahali kwenye diski). Baadaye ukaja ukuta wa GB 8.4, kisha BIOS kadhaa za mwishoni mwa miaka hiyo zikawa zinaganda zikiona diski iliyopita GB 33.8. Halafu ule wa GB 137, uliotokana na kutaja sekta kwa namba ya biti 28. Kiwango cha ATA-6 cha mwaka 2002 kikaleta namba za biti 48, ambazo zinafika petabaiti 144, na kwa upande wa waya tatizo likaisha. Kwa kipimo cha haraka, bodi yenye matundu ya SATA (plagi ndogo za diski za kisasa) kwa kawaida imeshapita ukuta wa GB 137. Bodi yenye IDE tu (plagi pana za zamani), ya kabla ya 2002 au karibu na hapo, itilie shaka.

Huu wa GB 137 ndio ninaouogopa kuliko yote, na sababu ni kwamba hauonekani. Chukua Windows XP ile ya kwanza kabisa, ambayo haijawekewa Service Pack 1 (kifurushi cha masasisho cha Microsoft), uipe diski ambayo tayari ina patisheni (sehemu ya diski iliyotengwa kuhifadhi faili) ya GB 250. Itaikubali. Utajaza picha na nyaraka zako, kila kitu kinakwenda sawa, mpaka siku data inapovuka GB 137. Kuanzia hapo uandishi unazunguka na kurudi mwanzo wa diski, juu ya jedwali la patisheni na faili zako za zamani. Hakuna onyo lolote. Siku ya pili unawasha na diski haina kitu. Service Pack 1 ilitoka 2002 ikaleta biti 48, kwa hiyo mwenye XP ahakikishe anayo SP1 au ya juu zaidi kabla hajagusa diski kubwa. Windows 2000 inahitaji Service Pack 3, na zaidi ya hapo iwashiwe mpangilio unaoitwa EnableBigLba kwenye rejista (hifadhi ya mipangilio ya Windows).

Sasa jambo ninalotaka mlishike, hata mengine yakisahaulika: diski kubwa usiifanye ya kuwashia mashine. Weka mfumo endeshi kwenye diski ndogo, SSD ya GB 120 au 240 inatosha kabisa, na hiyo kubwa iwe ya data tu.

Sababu yake ni hii. BIOS ya zamani kazi yake inaisha mapema mno. Inakagua vifaa, inasoma sekta ya kwanza ya diski ya kuwashia, inakabidhi. Windows za karibuni au Linux zikishaamka, zinazungumza na kidhibiti cha diski (chipu inayoiendesha) zenyewe kwa draiva zao (programu za kuzungumza na kifaa), BIOS haiulizwi tena. Ndiyo maana bodi ambayo BIOS yake inaandika ukubwa wa ajabu inaweza kabisa kuendesha diski ya TB 8 bila taabu, mradi mfumo endeshi uliowaka kutoka kwenye diski ndogo unaifahamu. Ugomvi wote wa BIOS umekwepwa.

Kinachobaki ni jedwali la patisheni. Lile la zamani, MBR, linaandika mahali patisheni ilipoanzia na urefu wake kwa namba za biti 32. Ndio ukuta wa TB 2.2 huo. Jipya, GPT, linatumia biti 64. Kwa hiyo diski yoyote inayozidi TB 2 ifanye GPT mapema, kabla hujaweka faili hata moja. Windows kuanzia Vista, ya biti 32 au 64, inasoma na kuandika diski ya data yenye GPT hata kwenye BIOS ya kizamani. Inachokataa ni kuwaka kutoka kwenye GPT bila UEFI, mrithi wa BIOS. Linux haina shida na lolote kati ya hayo. XP ya biti 32 haiijui GPT kabisa: itakuonyesha diski nzima kama kitu kimoja kilichofungwa, "GPT Protective Partition", na huwezi kufanya nacho lolote. Ukiwa lazima ubaki na XP kwa ajili ya programu au kifaa fulani, nunua diski isiyozidi TB 2 na roho yako itulie.

Hata hiyo TB 2 kwenye XP ina jambo la kuangalia. Diski nyingi za kuanzia takriban 2010 ndani yake zina sekta za baiti 4096, ila kwa nje zinajifanya za baiti 512 ili mashine za zamani zizielewe. XP inaanzisha patisheni ya kwanza kwenye sekta ya 63, na 63 haigawanyiki kwa 8. Matokeo yake kila kipande cha data kinakalia sekta mbili za ndani badala ya moja, na kila ukiandika, diski inalazimika kusoma kwanza, kurekebisha, ndipo iandike. Utalalamika diski ni nzito na ukweli ni kwamba imekaa upande. Tengeneza patisheni kwa Linux au Windows mpya zaidi, zinaanzia sekta ya 2048, halafu ndipo uirudishe kwenye XP.

Na kabla ya kulipa, soma lebo. Diski ikiandikwa 4Kn, maana yake haijifanyi tena, inatoa sekta za 4096 moja kwa moja. Windows 7 haiiwezi. Iliyoandikwa 512e ndiyo yako.

Upande wa nyaya na skrubu nitapita haraka kwa sababu wengi mnaujua. SATA mpya kwenye tundu la SATA la zamani kwa kawaida inashuka kasi yenyewe. Wanaosumbua ni wachache, hasa chipu za VIA za zamani kama VT8237 na VT6421, ambazo zinashindwa kuelewana na diski ya kasi ya juu, na hapo diski haionekani kabisa. Baadhi ya diski zina kijampa (kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili) cha kuilazimisha ishuke hadi 1.5 Gb/s. Kama yako haina, tumia kadi ya SATA. Na diski nyingi za TB 6 na kuendelea hazina yale matundu ya skrubu ya katikati ubavuni, kwa hiyo kwenye kasha la zamani utapata skrubu mbili tu za kukamata. Usiache ikining'inia. Diski ya inchi 3.5 inatetemeka, na inahitaji upepo.

Mwisho, diski ngeni usiiamini siku ya kwanza. Iendeshe `smartctl -t long` kwanza, programu inayoifanya diski ijipime yenyewe. Kwa TB 4 kwenye kasi ya MB 150 kwa sekunde, kuipitia yote mara moja ni zaidi ya saa 7, kwa hiyo iwashe jioni ulale. Asubuhi angalia mistari yenye namba ya utambulisho (ID) 5, 197 na 198, inayohesabu sekta mbovu au zinazotiliwa shaka. Diski mpya ikiwa na namba yoyote tofauti na sufuri hapo kwenye safu ya RAW_VALUE, hiyo kweli irudishe.

Nawasilisha. Mwenye swali alete aina ya bodi au modeli ya kompyuta, mfumo endeshi na ukubwa wa diski.

Kasha Wazi:

Mkuu hapo kwenye 137 umenigusa. Ofisi moja niliyowahi kuhudumia walipoteza mafaili ya miaka kwa staili hiyo hiyo, na kila mtu alilaumu virusi.

Nuru_Data:

Ahsante kwa somo. Mimi ninayo laptopu ya 2011, nataka kuitoa diski ya GB 320 niweke ya TB 4 au 5. Nimeona zipo ndogo za inchi 2.5. Hapo ukuta ni upi?

Waya Mwekundu:

Dada Nuru, kwako ukuta wa kwanza ni rula. Toa diski yako upime unene. Laptopu nyingi za miaka hiyo zina nafasi ya milimita 9.5, nyingine 7. Diski za kuzunguka za inchi 2.5 za TB 4 na 5 zina unene wa milimita 15, haziingii hata ukizisukuma. Ukomo wako wa kweli kwa diski za kuzunguka ni TB 2, ambazo zipo za milimita 7.

Ila nazo zina jambo lake. Karibu zote za ukubwa huo kwa umbo hilo zinaandika kwa mtindo wa SMR, yaani mistari ya data inapandiana kama vigae vya paa. Kusoma ni kawaida. Kuandika upya mahali palipokwisha andikwa ndiko kunakochukua muda, kwa sababu lazima mistari ya jirani iandikwe upya pia. Ukiweka Windows humo utaona mashine inasimama kila sasisho likija. Kama laptopu yako ina kiendeshi cha DVD usichokitumia, kuna fremu ya kuweka diski ya pili mahali pake. Weka SSD pale diski ya sasa ilipo, na hiyo ya TB 2 iende kwenye nafasi ya DVD ikae na filamu na picha zako. Pima unene wa kiendeshi cha DVD pia kabla ya kununua fremu, zipo za milimita 12.7 na 9.5.

Na faida nyingine: TB 2 iko chini ya ukuta, baiti 2,000,398,934,016. MBR inatosha, BIOS haina neno.

Nuru_Data:

Nimepima, ni 9.5. DVD sijawahi kuitumia tangu niinunue. Nitafuata hiyo.

Mpita Njia:

Nafuatilia hapa.

Kasha Wazi:

Ngoja na mimi nilete la kwangu. Nina diski ya TB 8 niliyoitoa kwenye kasha la nje la USB. Kwenye USB ilikuwa inafanya kazi vizuri tu. Nimeifunga ndani ya kompyuta ya mezani, haizunguki hata kidogo. Nikiishika haina mtetemo wowote. Nikiirudisha kwenye kasha lake inafanya kazi. Pawa saplai nilibadilisha mwaka jana, nzuri.

Waya Mwekundu:

Mkuu, hiyo pawa saplai nzuri ndiyo inayoizima.

Plagi ya umeme ya SATA ina pini 15. Pini tatu za kwanza zamani zilikuwa za volti 3.3, na karibu hakuna diski iliyozitumia. Kiwango cha SATA toleo la 3.3 kikaipa pini ya tatu kazi mpya: ikipata umeme, diski izimike. Hiyo ni kwa ajili ya seva, msimamizi aweze kuizima na kuiwasha diski akiwa mbali. Baadhi ya diski za makasha ya nje ni zile zile za seva. Pawa saplai yako inapeleka volti 3.3 kwenye pini ya tatu bila kukoma, kwa hiyo diski inasikia amri ya kuzimika muda wote. Kasha la USB halipeleki hizo volti 3.3, ndiyo maana kule inafufuka.

Njia ya kwanza ni kuziba pini ya tatu kwa kipande chembamba cha tepu inayostahimili joto, ile ya rangi ya kahawia inayopitisha mwanga. Upande wa diski, shika plagi ile ndefu ya umeme, hesabu kuanzia upande uliopakana na plagi fupi ya data: moja, mbili, tatu. Ukiziba zote tatu hakuna kinachoharibika, na ni rahisi kuliko kulenga moja. Bana tepu vizuri isije ikakunjamana wakati wa kuchomeka ikafunika na ya nne.

Njia ya pili ni adapta ya kutoka plagi kubwa ya pini nne kwenda SATA. Plagi hiyo ya zamani haina volti 3.3 kabisa, ina 12 na 5 tu. Lakini hapa naomba tuwe makini wote. Adapta ambazo kichwa chake cha SATA kimemwagiwa plastiki kikawa kipande kimoja kigumu zimewahi kushika moto, kwa sababu ndani nyaya zinaweza kukaa karibu mno na hatimaye kugusana. Chagua zile ambazo kichwa kina kifuniko kinachofunguka na unaona kila waya umebanwa kwenye meno yake. Diski kubwa inapoanza kuzunguka inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwenye volti 12. Si mzigo wa kufanyia mzaha na adapta dhaifu.

Kasha Wazi:

Nimeziba zote tatu. IMEWAKA! Ila sasa Windows 10 inasema diski haijaanzishwa, inataka niifomati. Mafaili yangu yote yamo humo.

Waya Mwekundu:

Usibonyeze kitu. Funga hilo dirisha, zima mashine, rudisha diski kwenye kasha lake la USB kwanza uangalie kama mafaili bado yapo. Ninaamini yapo.

Kasha Wazi:

Yapo yote. Nini kinaendelea?

Waya Mwekundu:

Bodi ndogo iliyo ndani ya baadhi ya makasha ya nje inaitafsiri diski upya. Diski inatoa sekta za 512, kasha linaiambia kompyuta kwamba ni za 4096. Walifanya hivyo ili XP na MBR ziweze kutumia zaidi ya TB 2.2: namba ni zile zile za biti 32, ila kila sekta imekuwa kubwa mara nane. Ukiitoa diski kwenye kasha, tafsiri imeondoka. Jedwali linasema patisheni imeanzia sekta 256, kompyuta inakwenda sekta 256 za baiti 512 na kukuta hewa, wakati data iko mbali mara nane ya hapo. Kuna makasha mengine ambayo yanasimba data yote kwa ufunguo ulio kwenye bodi hiyo hiyo hata kama hukuweka nenosiri, na hayo nayo matokeo yake ni hayo hayo.

Suluhisho salama ni moja tu: ikiwa kwenye kasha, hamisha kila kitu kwenda diski nyingine. Kisha itoe, iunganishe ndani, ifanye GPT, fomati, rudisha data. Ndiyo, unahitaji nafasi nyingine ya kuhifadhi kwa muda. Hata hivyo ulikuwa unaihitaji, maana mafaili yaliyo mahali pamoja tu hayana ulinzi wowote.

Mtu wa Terminal:

Mtoa mada, naheshimu uzi wako, lakini hilo la "usiifanye ya kuwashia" umelifanya kama sheria. Mimi naendesha Debian kwenye bodi ya 2007 yenye BIOS ya kawaida, diski moja tu ya TB 4, GPT, na inawaka kila siku. GRUB, programu ya kuwashia Linux, inaweza.

Waya Mwekundu:

Inaweza, ni kweli, na nakushukuru kulileta. Kwa Linux njia ipo. Tuiandike vizuri ili anayetaka aifuate.

GRUB kwenye BIOS na GPT inahitaji patisheni ndogo ya pekee, MB 1 inatosha, isiyofomatiwa. Kwenye `gdisk` aina yake ni EF02, kwenye `parted` unaiwekea alama ya bios_grub. Humo ndimo GRUB inajificha, kwa sababu kwenye GPT ile nafasi tupu iliyokuwa ikitumika baada ya MBR haipo. Halafu tengeneza patisheni ya /boot (inayobeba faili za kuwashia) mwanzoni kabisa mwa diski. Hili watu wanalisahau. Wakati GRUB inasoma faili za kuwashia bado inategemea BIOS, na BIOS hiyo ikiwa na ukuta, faili zikiwa ng'ambo yake hazifikiki. Leo inawaka, kesho sasisho linaweka faili mpya mbali zaidi kwenye diski, na mashine inagoma bila wewe kugusa chochote. /boot ikiwa mwanzoni, jambo hilo halitokei.

Na kuna BIOS ambazo zinakataa diski isiyo na patisheni yenye alama ya kuwashia kwenye MBR. GPT ina MBR ya kulinda, `parted` inaweza kuiwekea alama hiyo kwa `disk_set pmbr_boot on`. Kwa wenye Windows, msimamo wangu haujabadilika: bila UEFI haiwaki kutoka GPT, kwa hiyo diski ndogo ni lazima.

Mtu wa Terminal:

Nakubali. /boot yangu iko mwanzoni, kisakinishi kilinipangia hivyo. Naongeza tu: mwenye RAM ndogo, MB 512 hivi, ajue kukagua mfumo wa faili wa TB nyingi kwa fsck kunakula kumbukumbu. Weka swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM) ya kutosha kwenye diski nyingine.

Kijana wa Pentium:

Wakuu msinitupe. Yangu ni ya 2001, IDE tu, kwenye bodi kuna nafasi za PCI (za kuchomeka kadi za nyongeza). Nina diski ya IDE ya GB 250 nataka kuitumia na Linux. BIOS ikiigundua inaganda, haiendi mbele.

Waya Mwekundu:

Ndugu, hatupi mtu. Ingia kwenye BIOS, pale ilipoandikwa Auto kwa tundu hilo weka None. BIOS haitaiuliza diski ukubwa wake, kwa hiyo haitaganda. Diski ya kuwashia, ndogo, iwe kwenye tundu la kwanza. Linux ikiamka inavitafuta vifaa yenyewe na mara nyingi itaiona hiyo ya GB 250. Angalia kwa `lsblk`. Ukiona GB 232.9 umemaliza. Ukiona GB 128 kamili, kidhibiti chenyewe hakijui biti 48, na hapo usiandike chochote ng'ambo ya hapo.

Hilo la pili likitokea, dawa ni kadi ya PCI ya IDE au SATA. Kadi inakuja na kidhibiti chake na programu yake ya kuwashia, bodi haina usemi. PCI yote kwa pamoja ina MB 133 kwa sekunde, inagawana na kadi nyingine, kwa hiyo diski haitafikia kasi yake. Kwa kuhifadhi na kusikiliza muziki inatosha mno.

Usisahau kebo. Ile ya nyaya 80: kichwa cha bluu kwenye bodi, cheusi kwenye diski ya kwanza, cha kijivu katikati kwa ya pili. Diski zote mbili kwenye kebo moja zikiwekwa Master (ya kwanza) kwa kijampa, huenda hakuna itakayoonekana.

Kijana wa Pentium:

None imefanya kazi. 232.9. Siamini, BIOS imepita moja kwa moja. Ahsante sana mkuu.

Mjuzi Mdogo:

Mimi ndiye yule wa GB 746 kabisa, haha. Windows 7 ya biti 64, bodi ya 2009, diski ya TB 3 ya data, Windows iko kwenye SSD. Nimefuata kila kitu, nimeifanya GPT. Bado 746.

Waya Mwekundu:

Fungua Disk Management uniambie hasa unachokiona. Ni kisanduku kimoja cha 746, au viwili, kimoja 2048.00 na cha pili 746.52?

Nauliza kwa sababu namba ni ile ile na matatizo ni mawili tofauti. Vikiwa viwili, Windows inaiona diski yote, ni jedwali bado MBR, na GPT yako haikukubali. Kikiwa kimoja tu, Windows yenyewe imedanganywa na draiva.

Mjuzi Mdogo:

Ni kimoja. 746.39 au 746.52 hivi, hakuna kingine. Na BIOS inaandika 3000GB sawasawa.

Waya Mwekundu:

Basi ni draiva. Nenda Device Manager, fungua sehemu ya vidhibiti vya IDE ATA/ATAPI na ile ya vidhibiti vya hifadhi, soma jina na toleo. Ukikuta draiva ya Intel ya Rapid Storage au Matrix Storage ya toleo lililo chini ya 10.1, ndiyo hiyo. Za zamani zilihesabu kwa biti 32. Weka toleo jipya linalokubali chipu yako, au rudi kwenye draiva ya AHCI (namna ya kawaida ya kuzungumza na diski za SATA) ya Microsoft inayokuja na Windows 7.

Jambo moja la hatari: usiende kwenye BIOS kubadilisha AHCI kuwa IDE ukitafuta njia ya mkato. Windows itashindwa kuwaka, utaona skrini ya bluu yenye 0x0000007B. Ikikutokea rudisha AHCI na itaamka.

Na ile GPT uliyoitengeneza wakati diski inaonekana ya 746, ifute. Nakala yake ya pili inatakiwa kuwa mwisho kabisa wa diski, na mwisho ulioonekana wakati ule ulikuwa wa uongo.

Mjuzi Mdogo:

Ilikuwa 8.9. Nimeweka mpya, nikawasha upya: 2794.52 GB. Nimeifuta, nimeianzisha tena GPT, patisheni moja. Sasa hivi smartctl ya long inaendelea, inasema imebaki asilimia 90.